Shujaa Asiyejua Mpira

Kila mwaka, mpunga unapoanza kutoa masuke na mvua bado hazijakata, wanaume wa kamati hupita nyumba kwa nyumba kutangaza Kombe la Shujaa. Shujaa mwenyewe ni binamu yangu, mtoto wa shangazi, askari aliyeuawa Kongo alikokwenda kulinda amani. Kombe ni la mpira wa miguu. Nataka jambo hilo lieleweke mapema, maana hasira yangu inaanzia hapo: marehemu hakujua mpira. Hakujua kabisa. Siku moja alilipiga teke ganda la kakao uani kwao, akavunjika kidole gumba, akatembelea fimbo mpaka tulipomaliza kuvuna. Huyo ndiye wanayemchezea nusu fainali.

Nina haki ya kusema hivi. Si haki ya ukali wa mdomo, ingawa huo ninao pia na mume wangu huko Talatala ni shahidi. Baba yangu na mama yake walinyonya ziwa moja, na kwetu watoto wa kaka na watoto wa dada ni watani. Mimi nilikuwa mtani wake tangu tukiwa tunatambaa. Yeye aliliita paji langu la uso uwanja wa ndege, akiuliza leo zimetua ngapi. Mimi nilimwambia kwamba siku akifa tutalazimika kuajiri mtu wa kulia, kwa kuwa wa kujitolea hatapatikana. Tulitukanana hivyo mbele ya wazazi, mbele ya mchungaji, mbele ya wakwe zangu siku ya kuolewa kwangu, na hakuna aliyetushangaa.

Mtani hana likizo. Ukivaa shati jipya anakuuliza umemwibia nani. Ukipata mtoto anauliza baba yake yuko wapi, na baba amesimama hapo hapo. Na siku ukifa, mtani ndiye anayevaa nguo zako kuukuu, anatembea mwendo wako mbele ya waombolezaji, anataja uchoyo wako na uongo wako, na akitaka anashuka kaburini na kulala humo, kwamba hazikwi mtu hapa mpaka abembelezwe. Watu wanacheka huku wanalia. Wakimaliza kucheka ndipo wanapojua ni nani aliyekufa. Kabla ya hapo kuna jeneza tu na watu wamekaa kwenye mikeka.

Sasa nimseme kidogo, nisije nikaonekana ninapigania mtu wa hewani.

Alikulia mahali ambapo ukiwa kitandani unalisikia Ziwa Nyasa, na aliliogopa kama paka. Shangazi alikuwa akifanya biashara ya vyungu. Siku za soko alikwenda Lyulilo, mitumbwi ya Wakisi inakoshusha vyungu vilivyopangwa kwenye majani, akanunua na kuja kuuza Kyela mjini. Mara moja vyungu vilikuwa haba, akaamua tuvuke wenyewe mpaka wanakofinyanga. Tulipanda mtumbwi, shangazi, mimi na yeye, kijana mwenye ndevu tayari. Alikaa katikati akakumbatia chungu kitupu kana kwamba chungu ndicho kitakachomwogelea, akafumba macho, akaimba pambio moja hilo hilo mpaka tulipogusa mchanga. Kurudi aligoma. Alizunguka kwa miguu milimani, akatokea Lyulilo kesho yake suruali imechanika matakoni, akasema ameona ni vizuri mwanamume aijue njia ya nchi kavu.

Na kuimba kwenyewe hakukujua. Kwaya ya kanisani walimweka mstari wa nyuma, na mwalimu wa kwaya alimwomba kwa upole awe anafumbua mdomo tu, sauti aiachie wenzake. Alikubali. Alifumbua mdomo kwa bidii kuliko wote, wageni wakidhani ndiye anayebeba wimbo.

Alipokuwa kibarua Kasumulu, mpakani, akipakia magunia kwenye malori, alipanda juu ya mzigo kupumzika, usingizi ukampitia. Lori likavuka mto Songwe, likaingia Malawi, naye akaamkia Karonga. Hakuwa na karatasi yoyote zaidi ya kipande cha gazeti alichofungia maandazi. Alirudi baada ya kubembeleza watu wa nchi mbili, na nilipomuuliza alifuata nini huko, alisema alikwenda kuangalia hali ya soko. Huyo ndiye baadaye nchi ilimpa bunduki alinde mipaka. Nilimwambia hivyo siku anaondoka kwenda mafunzoni, akacheka mpaka akakaa chini barabarani na begi lake.

Uongo alikuwa nao, lakini haukuwa na akili. Aliachwa alinde kakao iliyoanikwa, akalala, mvua ikanyesha, kakao ikaota ukungu. Mama yake alipofika alimkuta amesimama katikati ya mikeka anajikuna sikio. "Mama, ngedere!" Ngedere gani anayelowesha kakao? Shangazi alishika mwiko wa kusongea ugali akamfukuza kuzunguka nyumba. Tangu hapo, kwetu mtu akitoa sababu ya kijinga tunamwambia ngedere.

Na ukoko. Mchele wetu wa Kyela watu wanaufuata kutoka mbali kwa sababu ya harufu yake, lakini yeye wali wenyewe hakuujali. Alikaa jikoni akisubiri watu wapakue, kisha aletewe sufuria, akwangue kule chini kulikoganda na kuungua. Wenye akili wanagombea wali, yeye aligombea masizi. Shangazi alijifunza kuacha moto mkali makusudi ili uungue vya kutosha. Mara ya mwisho aliponipigia simu kutoka Kongo hakunisimulia vita. Alilalamika kwamba wali wa huko haunukii, na mpishi wao anajua mno kupika, hauunguzi.

Moyo alikuwa nao. Hili nalisema mara moja, sirudii. Mwaka ambao mto ulifurika na maji yakaingia majumbani, shangazi alikuwa na homa hawezi kusimama. Yeye, mwoga wa maji kuliko watu wote wa mwambao huu, alimbeba mama yake mgongoni akaingia. Maji yalimfika kifuani. Nilikuwa nyuma yao nimejitwika godoro. Alilia njia nzima kwa woga, kwa sauti, kamasi zikimtoka, akipiga kelele kwamba anakufa, mama shika, nakufa mimi. Hakumshusha mpaka tulipokanyaga lami. Katika hotuba zote nilizosikiliza juu ya ushujaa wake, hiyo haimo, kwa sababu hakuwa na kombati siku hiyo.

Alikufa kambi yao iliposhambuliwa. Hivyo ndivyo tulivyoambiwa, na sina zaidi. Wanajeshi sina neno nao. Walimleta kwa heshima, wamenyooka, bendera imetandikwa bila mkunjo, na mmoja wao aliyekuwa naye huko alisimama kando ya migomba akilia kimya kimya kwenye kofia yake. Walikuja kufanya kazi yao na waliifanya. Waliotuharibia msiba ni sisi wenyewe.

Mara tu iliposikika kwamba viongozi watakuja kuzika, ikaundwa kamati. Mwenyekiti wake akawa jirani mwenye mashine ya kukoboa mpunga, yule yule aliyewahi kumkimbiza marehemu na panga kwa ajili ya mua mmoja. Sasa alikuwa akisema "kijana wangu" kila baada ya maneno mawili. Kamati ikagawana utepe wa kifuani, ikapanga viti vya mbele na viti vya nyuma, ikakata migomba miwili ya shangazi ili magari yapate kugeuza.

Mimi niliamka nikafanya linalonihusu. Nilivaa kaptula yake ya shule, nikavaa mabuti yake ya shamba, la kulia mguu wa kushoto na la kushoto mguu wa kulia, kwa kuwa ndivyo alivyotembea siku zote, vidole vikitazama nje kama bata. Nikafunga sufuria kichwani kwa kitenge. Nikaingia uani nikifumbua mdomo bila sauti, mwimbaji hodari wa kwaya. Wanawake wa mbele waliniona wakaanza kushikana mikono, kicheko kikiwapanda. Shangazi alikuwa amekaa kwenye mkeka karibu na jeneza, na namkumbuka alivyoinua uso.

Sikumfikia. Vijana wawili wa utepe walinishika kwapani. "Dada, viongozi wapo," walisema. Niliwaambia mimi ni mtani wa marehemu. Mwenyekiti akaja mbio, jasho linamtoka, akasema siku ya leo hakuna utani, leo ni ya kitaifa. Wakanifungia kwenye stoo ya kakao. Nikiwa humo, katikati ya magunia, na sufuria kichwani, nilisikia risasi za heshima zikipigwa hewani na kuku wa kijiji kizima wakikimbilia chini ya vitanda. Nilisikia pia kwamba marehemu alikuwa mwanamichezo hodari. Hapo nililia, lakini kwa hasira.

Walipozika na kuondoka, shangazi aliuliza neno moja tu. "Mtani wake hakuja?"

Kwetu kilio cha mama kinasikika mashamba matatu mbele. Cha shangazi hakikusikika. Wakasema ni mshtuko, utapita. Haukupita. Akaanza kumsema mwanawe kama mtu aliyeko mahali. "Huko aliko," alisema. Alipika wali, akaacha uungue, akakwangua ukoko akauweka kwenye kifuniko juu ya kabati, na asubuhi akawamwagia kuku. Mimi nikienda kumtembelea nilikiona kifuniko kile nikanyamaza, na kunyamaza si kazi yangu. Siku moja nilimuuliza waziwazi kama anajua kwamba mwanawe amezikwa hapo nje. Alinitazama kama mimi ndiye niliyechanganyikiwa. "Yule aliyezikwa pale simjui," alisema. "Nilisikiliza walivyomsema mwanzo mpaka mwisho. Simjui."

Nilirudi Talatala nikampakulia mume wangu chakula bila kumkosoa hata neno moja, akadhani ninaumwa.

Kamati haikuvunjwa. Kamati zetu huwa hazivunjwi. Ilianzisha Kombe. Jezi zina picha ya marehemu kifuani, ila aliyeitengeneza picha alimng'arisha ngozi, akamwongezea mabega, na meno yake yaliyopandana yamenyooka yote. Mara ya kwanza kuiona nilidhani ni mdhamini. Kila mwaka mgeni rasmi anachelewa, pilau inapoa, mwenyekiti anasoma risala, na kila mwaka marehemu anazidi kuwa bora. Mwaka wa kwanza alikuwa mchezaji mzuri. Wa pili akawa nahodha. Kisha akawa mwanafunzi aliyeongoza darasa, yeye aliyekuwa akinakili kwangu mpaka jina langu. Mwaka jana aliangusha maadui peke yake, kwa mkono mmoja, huku wa pili ukimshika mwenzake aliyejeruhiwa. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, lakini huyu mgema amekufa, na wanaotia maji ni wasifiaji.

Na shangazi wanamketisha mbele, na kanga mpya, na chupa ya maji mezani. Anasikiliza. Kila kitu wanachomwongezea yule wa kwenye jezi, wanamwondolea wa kwake. Niliiona hiyo usoni mwake na nilitaka kuipindua meza. Lakini mimi walikuwa wananikalisha nyuma ya wapishi, na kijana wa utepe pembeni, maana sifa yangu ilikuwa imeshafika.

Mwaka huu mvua ilinisaidia.

Ilinyesha usiku kucha na kuamkia asubuhi, kama inavyojua kunyesha Kyela. Kiwanja kikageuka jaruba la mpunga. Golikipa mmoja alijaribu kupasha misuli akazama mpaka magotini, wakamvuta na kiatu kikabaki. Mgeni rasmi alikuwa ameshafika, safari hii mapema, kwa bahati mbaya yao. Ndipo mwenyekiti akaamua fainali iahirishwe na hotuba zihamie uani kwa shangazi, penye turubai, kando ya kaburi.

Maturubai, viti na spika vilikodiwa kwa mfanyabiashara mmoja wa mjini, Mwislamu ambaye babu yake alitoka Pangani na kukwama huku kwa sababu ya mchele. Ni mtu mpole, mwenye kofia safi hata kwenye tope. Alisimamia mwenyewe mitambo yake isilowe. Tulisongamana chini ya turubai, jezi na suti pamoja. Mgeni rasmi aliazimwa mabuti ya mvua ili asiharibu viatu vyake, na viatu vyake, vyeusi, vya kung'aa mpaka unajiona, vikawekwa juu ya matofali pembeni ya kiti. Utaratibu wa viti vya mbele na vya nyuma ukafa. Nilijikuta nimesimama mita chache kutoka kwa shangazi, na kijana wangu wa utepe alikuwa amekwenda kujikinga jikoni.

Mwenyekiti akasoma. Mwaka huu marehemu alikuwa pia mwogeleaji. Nasema kweli tupu. Alisoma kwamba, akiwa mtoto wa Ziwa Nyasa, alikuwa akilikata ziwa kwa mikono yake tangu utotoni, na ujasiri huo ndio aliokwenda nao vitani. Watu wa rika letu walitazamana. Nilimwangalia shangazi, nikaona midomo yake inalirudia lile neno, mwogeleaji.

Kisha ikaja zamu ya mama wa shujaa kutoa shukrani. Kila mwaka anapewa kipaza sauti, anasema "Ndaga fijo," asanteni sana, anakirudisha. Safari hii alikishika kwa mikono miwili asikirudishe.

"Ndaga," alisema. "Mmesema vizuri. Mwogeleaji. Sasa mimi nauliza, mtani wake yupo?"

Mvua tu juu ya turubai.

"Nipo, shangazi," nilisema.

"Ulikuwa wapi siku zote hizi? Njoo ufanye kazi yako. Mtoto wangu amekaa miaka bila kuchekwa."

Mwenyekiti alisimama, mkono juu. Akasema mama ana uchungu, tumsamehe, ratiba inabana, na akamwonyesha mwenye spika ishara ya kuzima. Yule bwana wa mjini hakusogea. Alikuwa ameweka kiganja juu ya mashine yake kama mtu anayemtuliza mbuzi.

"Mwenyekiti, mitambo ni yangu," alisema taratibu. "Na sisi kwetu mtani hazuiliwi msibani, hata akiwepo nani. Mpisheni bibie."

Sikuwa na kaptula yake wala mabuti yake. Nilitazama huku na huku, nikaviona vile viatu vya mgeni rasmi juu ya matofali. Nikavitwaa. Mtani akitwaa ametwaa. Nikavivaa, cha kulia mguu wa kushoto, cha kushoto mguu wa kulia, nikaingia topeni.

Nilitembea mwendo wake kuzunguka kaburi, kifua mbele na vidole nje, na tope likiruka. Nyuma yangu nilisikia mama mmoja akisema, "Mwe! Ndiye!" Nilikaa kwenye kiti cha plastiki nikakumbatia sufuria la pilau, nikafumba macho, nikavuka ziwa na pambio langu moja. "Mwogeleaji huyo!" nikawaambia. "Angalieni anavyolikata ziwa!" Nikalala juu ya viti nikaamkia Karonga, nikamuuliza mgeni rasmi kwa heshima zote kama hapa ni Tanzania au nimeshapita. Alijaribu kujizuia mheshimiwa yule, akashindwa, akacheka mpaka buti moja likamtoka. Nikapiga mpira, ganda la kakao, nikaanguka, nikataka fimbo. Vijana wenye jezi, ambao hawakumjua kamwe, ambao walikuwa wamevaa uso wake miaka yote hiyo, walikuwa wanashikana mabega wakicheka na kuulizana, kumbe alikuwa hivi? Mwenyekiti alikuwa anakunja risala yake ndogo, ndogo zaidi, mpaka haikukunjika tena.

Shangazi hakucheka. Alikuwa amekunja uso, ananifuatilia kama mtu anayeonja mchuzi. Nikafika kwenye kakao. Nikasimama katikati ya mikeka nikajikuna sikio. "Mama, ngedere!"

"Siyo hivyo," alisema shangazi.

Aliinuka. Akaja kwenye tope na kanga yake mpya, akanipiga mkono ukashuka. "Hujui kitu wewe na paji lako. Alikuwa anafanya hivi." Akapitisha mkono wa kulia juu ya kichwa chake mwenyewe, akalikuna sikio la kushoto, akalegeza mdomo, akalaza shingo, na yule mwongo alikuwa amesimama mbele yangu mzima mzima. "Mama, ngedere," alisema shangazi kwa sauti ya mwanawe. Nilipiga yowe. Na yeye akaanza kucheka. Alicheka kwa kuinama, mikono magotini, akirudia, "Ngedere, ati ngedere, mimi mama yake ananiambia ngedere."

Nikamgeuzia mgongo nikachuchumaa. Sikupanga. Viatu vya mheshimiwa vilikuwa vimeshazama vyote. "Panda," nikamwambia, nikilia kama alivyolia yule mwoga siku ya mafuriko. "Panda, mama, shika! Nakufa mimi, lakini panda!"

Hakupanda. Nilihisi mikono yake miwili mabegani mwangu, halafu uzito wake wote, halafu kikatoka. Kilitoka karibu na sikio langu na sikio hilo bado linavuma. Kile kilio tulichokisubiri tangu risasi za heshima zilipopigwa. "Tata! Tata wangu!" alimwita, kama akina mama wa kwetu wanavyowaita watoto wao wa kiume, akalitaja na jina lake, lile la nyumbani, sio lile la kwenye jezi, akiuelekea udongo. Wanawake wote waliitikia. Turubai lilijaa. Hata yule bwana wa mjini alivua kofia yake safi akajifutia uso. Mwenyekiti naye alilia, na sikumwamini, kisha nikamwona amekaa chini topeni anasema, "Ulikuwa mua mmoja tu, mua mmoja tu," nikamwacha.

Fainali waliicheza wiki iliyofuata. Nasikia risala ilikuwa fupi, na kwamba mwakani wanafikiria kumfanya mwanakwaya. Watu hawa hawafundishiki.

Mimi nililala kwa shangazi. Asubuhi alipika wali, saa ambayo watu wanakunywa chai, akaacha moto mkali mpaka nyumba ikanuka. Tulikula. Kisha akavuta sufuria, akaukwangua ukoko wote, akauweka kwenye kile kifuniko. Nilisubiri auweke juu ya kabati. Akausukuma mbele yangu.

"Kula wewe," alisema. "Mwenzio hali tena."

Nikala. Ulikuwa mgumu, umeungua, mchungu, umejaa masizi. Nilitafuna mpaka taya zikauma, shangazi akinitazama, na sijui mpumbavu yule alikuwa anapenda nini humo.